Namna ya Kufumbua Milinganyo Yenye Sehemu

Leo tunashika hesabu ya aina moja tu. Ni ile ambayo mtu anajua kilichobaki mkononi, anajua na sehemu zilizokatwa njiani, ila hajui kile kitu kizima kilikuwa kiasi gani mwanzoni. Umepewa fedha zako, ukaambiwa kwamba sehemu moja ya tano ilikwenda kwenye deni na robo ikawekwa akiba. Je, fedha zote zilikuwa ngapi? Hapo ndipo wengi wetu tunamwachia katibu, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kalamu. Si vizuri. Aliyehitimu kisomo naye ana kalamu.

Katika madarasa tunayotembelea tumeona kwamba wanakisomo hawashindwi kujumlisha wala kutoa. Wanachoogopa ni zile namba zenye mstari katikati, moja juu na nyingine chini. Zikionekana tu, daftari linafungwa. Basi leo tutaonyesha namna ya kuziondoa zote kwa mara moja, zibaki namba nzima ambazo kila mtu amezizoea. Wala hatutatumia mifano ya machungwa na penseli. Tutatumia njia yetu wenyewe, ile njia ya zamani ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika.

SEHEMU SI NGENI KWETU

Kwanza tuondoe hofu. Watu wa njia hii walihesabu kwa sehemu kabla ya shule kufika. Nguo za biashara zilipimwa kwa doti. Doti moja ilikuwa mikono minane, na nusu ya doti ni shuka moja, yaani mikono minne. Nafaka ilipimwa kwa pishi. Nusu ya pishi ni kisaga, na robo ya pishi ni kibaba. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Mpagazi wa Kinyamwezi alitwika mzigo wa karibu frasila mbili, akatembea nao kwa miezi. Posho yake ya kawaida kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka. Mtu asiyejua robo ya pishi angewezaje kulisha msafara?

Hata maneno tunayotumia, nusu, robo, theluthi, thumuni, yametoka katika Kiarabu na tumeyafanya yetu. Na neno ushuru, ambalo kila mwuza mazao analijua, limetoka katika neno lenye maana ya sehemu moja ya kumi.

Lakini tusijidanganye. Njia hiyo haikuwa ya nguo na pembe peke yake. Watumwa pia walipitishwa humo, wakahesabiwa kama mali. Hatusahau jambo hilo. Katika mifano ya leo mizigo yetu ni nguo, ushanga na nafaka.

MLINGANYO NI MIZANI

Mlinganyo ni maneno mawili yaliyo sawa, yaliyoandikwa kwa namba na kuwekewa alama ya usawa (=) katikati. Fikiri mizani ya sahani mbili. Kilicho kwenye sahani ya kushoto kina uzito sawa na kilicho kwenye sahani ya kulia. Ukiongeza kitu kushoto, sharti uongeze kiasi kile kile kulia. Ukizidisha kushoto mara tatu, zidisha na kulia mara tatu. Ukifanya upande mmoja tu, mizani inalala, na huna mlinganyo tena.

Kitu tusichokijua tunakipa herufi. Vitabu vingi vinatumia x. Sisi tutatumia n, kwa sababu x inafanana mno na alama ya kuzidisha, nayo imewachanganya watu wengi bure. Basi n ni ile namba tunayoitafuta. Theluthi ya n tunaandika n/3, maana kuchukua theluthi ni sawa na kugawa kwa 3. Robo ya n ni n/4. Namba ya chini ya mstari inaitwa asili, na ya juu inaitwa kiasi.

Neno moja zaidi. Kila kipande cha mlinganyo kilichotengwa na alama ya kujumlisha, ya kutoa au ya usawa tutakiita fungu. Shikeni neno hilo, litatusaidia sana mbele.

Tuanze na fumbo kongwe kweli kweli. Huko Misri, karibu mwaka 1550 kabla ya Kristo, karani mmoja jina lake Ahmose aliandika mafumbo ya hesabu kwenye mafunjo, na maandishi hayo yamehifadhiwa London mpaka leo. Moja la mafumbo yake ni hili: kiasi fulani, pamoja na robo yake, ni 15. Kiasi hicho ni kipi? Sisi tungeandika:

n + n/4 = 15

Ahmose hakuwa na herufi n. Yeye alikisia. Alisema, tuchukue 4, kwa kuwa robo yake ni rahisi. 4 na robo yake, ambayo ni 1, ni 5. Lakini tunataka 15, nayo ni mara tatu ya 5. Basi na ile 4 tuizidishe mara tatu: jibu ni 12. Tazama: 12 na robo yake, 3, ni 15. Sawa kabisa. Wako wazee wanaohesabu hivi hivi kichwani mpaka leo, bila kumsikia Ahmose hata siku moja, na ukiwapa karatasi wanasema hawajui hesabu!

Sasa njia yetu. Sehemu iliyomo ni robo, asili yake ni 4. Tunazidisha kila fungu kwa 4, kushoto na kulia. n mara 4 ni 4n. n/4 mara 4 ni n tu, mstari umeondoka. 15 mara 4 ni 60.

4n + n = 60
5n = 60
n = 12

Siri yote ya somo la leo ni hiyo: tafuta namba inayogawanyika kwa asili zote, kisha zidisha kila fungu kwa namba hiyo. Kila fungu. Si yale yenye mstari tu.

NJIA ILIKUWA NA KILOMITA NGAPI?

Tuje kwenye njia yetu. Tuseme msafara umetoka Bagamoyo. Kwanza ulitembea theluthi ya njia yote, ukapumzika. Kisha ukatembea robo ya njia yote. Kirangozi, yule mtu anayeutangulia msafara, anawaambia wenzake kwamba zimebaki kilomita 500 kufika Ujiji. Njia nzima ni kilomita ngapi?

Njia nzima ni n. Waliyotembea kwanza ni n/3, tena n/4, na iliyobaki ni 500. Vyote pamoja ni njia nzima:

n/3 + n/4 + 500 = n

Asili ni 3 na 4. Namba gani inagawanyika kwa zote mbili? 12. Hii inaitwa kigawe kidogo cha shirika, kwa kifupi K.D.S. Ungeweza kutumia 24 au 36, nazo zinagawanyika, lakini utajibebesha namba kubwa bila sababu. Tuzidishe kila fungu kwa 12.

n/3 mara 12: gawa 12 kwa 3, unapata 4, basi ni 4n.
n/4 mara 12: gawa 12 kwa 4, unapata 3, basi ni 3n.
500 mara 12 ni 6,000.
Na upande wa kulia, n mara 12 ni 12n.

4n + 3n + 6,000 = 12n
7n + 6,000 = 12n

Toa 7n pande zote mbili:

6,000 = 5n
n = 1,200

Njia ni kilomita 1,200. Na kweli, umbali wa Bagamoyo mpaka Ujiji kwa njia ile ya misafara husemwa kuwa karibu hiyo hiyo. Mpagazi aliimaliza kwa miguu, kabla Reli ya Kati haijafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914.

Sasa tazameni kosa linalofanywa kila siku. Mwanakisomo anazidisha n/3 na n/4 kwa 12, anazidisha na ile n ya kulia, lakini anaiona 500 haina mstari, anaiacha kama ilivyo. "Hii si sehemu, haihusiki," anasema. Anaandika:

4n + 3n + 500 = 12n
500 = 5n
n = 100

Loo! Njia nzima kilomita 100, na huku zimebaki kilomita 500? Huyo kirangozi atawapeleka wenzake wapi? Ile 500 ilikuwa kwenye sahani ya mizani pamoja na wenzake. Ukizidisha wenzake mara kumi na mbili ukaiacha yeye, mizani inalala. Fungu lisilo na mstari nalo ni fungu.

Ndiyo maana tunasisitiza kuhakiki jibu. Kuhakiki si kazi ya mwalimu. Chukua 1,200, irudishe kwenye fumbo lenyewe, siyo kwenye mistari uliyoandika wewe, maana huenda mistari yako ndiyo yenye kosa. Theluthi ya 1,200 ni 400. Robo yake ni 300. 400 na 300 na 500 ni 1,200. Imekubali.

Njia ya kukisia nayo ingefika hapa. Kisia 12: toa theluthi yake 4, toa robo yake 3, inabaki 5. Tunataka ibaki 500, mara mia. 12 mara mia ni 1,200. Kwa nini basi tusikisie tu, tukaachana na K.D.S.? Fumbo linalofuata litajibu.

WAPAGAZI NA MABANO

Msafara unajitayarisha Bagamoyo. Nusu ya wapagazi wote wanapewa mizigo ya nguo, kila mtu mzigo mmoja. Kabla ya kuondoka, wapagazi 6 ambao hawakupewa nguo wanatoroka usiku. Na kutoroka kulikuwa jambo la kawaida, hasa kwa aliyekwisha kupokea malipo ya mwanzo. Theluthi ya watu waliosalia wanapewa mizigo ya ushanga. Mizigo ya nguo ikahesabiwa ikaonekana inazidi ya ushanga kwa 7. Wapagazi walikuwa wangapi mwanzoni?

Wapagazi wa mwanzo ni n. Mizigo ya nguo ni n/2. Waliosalia ni n − 6, na theluthi yao ni (n − 6)/3. Tumeweka mabano kwa sababu ni watu wote waliosalia wanaogawanywa kwa 3, siyo 6 peke yake wala n peke yake. Tofauti ni 7:

n/2 − (n − 6)/3 = 7

K.D.S. ya 2 na 3 ni 6. Zidisha kila fungu kwa 6. Fungu la kwanza linakuwa 3n. Fungu la pili: 6 kwa 3 ni 2, basi ni 2(n − 6). Fungu la tatu ni 42.

3n − 2(n − 6) = 42

Hapa twende polepole kidogo. Msiyavunje mabano kwa haraka. Tunatoa 2(n − 6). Yaani tunatoa 2n, ambayo imekwisha kupunguzwa 12. Ukitoa 2n nzima umetoa zaidi ya inavyotakiwa, umezidisha kwa 12. Basi zile 12 unazirudisha. Ni kama mtu anayekudai shilingi 2,000 kasoro 100. Ukimpa noti ya 2,000, anakurudishia 100. Hiyo 100 inaingia mfukoni mwako, haitoki. Kwa hiyo:

3n − 2n + 12 = 42
n + 12 = 42
n = 30

Tuhakiki. Wapagazi 30, nusu yao 15 wana nguo. Sita wametoroka, wamebaki 24. Theluthi ya 24 ni 8, hao wana ushanga. 15 toa 8 ni 7. Sawa. Tena 15 na 8 ni 23, na watu waliobaki ni 24. Huyo mmoja aliyesalia tumwache awe kirangozi.

Aliyesahau kurudisha zile 12 akaandika kutoa 12, atapata n = 54. Nusu ni 27. Waliosalia ni 48, theluthi yao 16. 27 toa 16 ni 11, si 7. Hakiki moja tu imelifichua kosa.

Na aliyekisia kama Ahmose? Tuseme amekisia 6. Nusu yake 3, waliosalia hakuna, theluthi ya sifuri ni sifuri, tofauti 3. Anataka 7, basi anazidisha 6 kwa 7, anagawa kwa 3, anapata 14. Si kweli. Njia ya kukisia imevunjika. Sababu ni kwamba wale watoro 6 ni idadi isiyobadilika. Ukiuongeza msafara mara mbili, wao hawawi 12. Kukisia kunafaa pale ambapo kila kitu kinakua pamoja. Pakiwa na namba kaidi kama hiyo, ndipo mlinganyo unapotushika mkono.

SEHEMU YA NINI?

Sasa tuache msafara, tuingie kwenye mkutano wa kijiji. Tuseme kuna kikundi cha wafuga nyuki 12, sehemu za Sikonge au Urambo, ambako asali ni mali. Wameuza asali kwa pamoja. Kanuni ya kikundi inasema: sehemu moja ya tano ya mauzo ilipe deni la mizinga, robo ya fedha iliyobaki iwekwe akiba, nyingine wagawane sawa. Kila mwanachama amepata shilingi 30,000. Jumla ya walizogawana ni 360,000. Katibu anasema mauzo yote yalikuwa shilingi 600,000.

Mwanachama mmoja anasimama. "Ndugu Mwenyekiti, mimi nimepiga hesabu nyumbani. Naona mauzo yalikuwa zaidi ya laki sita na nusu. Ndugu Katibu atueleze, nyingine ziko wapi?"

Mkutano unachafuka. Tuone alivyopiga hesabu yake:

n − n/5 − n/4 = 360,000

K.D.S. ya 5 na 4 ni 20.

20n − 4n − 5n = 7,200,000
11n = 7,200,000
n = 654,545 na senti kidogo

Kazi yake ya kuzidisha ni safi, kila fungu amelizidisha. Lakini fumbo lenyewe hakuliandika sawa. Yeye ametoa robo ya mauzo yote, na kanuni inasema robo ya fedha iliyobaki. Kwa kosa hilo katibu mwaminifu amekuwa mwizi wa shilingi zaidi ya 54,000 mbele ya watu. Jina likishachafuka hivyo, hesabu ya kesho yake haitoshi kulisafisha.

Tuandike vizuri. Deni ni n/5. Baada ya deni imebaki n − n/5. Kitu kizima ni sehemu tano za tano. Ukitoa moja zimebaki nne, yaani 4n/5. Robo ya sehemu nne hizo ni sehemu moja, n/5. Kumbe akiba nayo ni n/5, sawa na deni. Basi:

n − n/5 − n/5 = 360,000

Zidisha kila fungu kwa 5:

5n − n − n = 1,800,000
3n = 1,800,000
n = 600,000

Hakiki: deni 120,000, imebaki 480,000. Robo yake ni 120,000, imebaki 360,000. Katibu amesema kweli.

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Tuseme katibu ndiye anayesoma kanuni vibaya, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, akakata robo ya mauzo yote. Robo ya 600,000 ni 150,000 badala ya 120,000. Zimezidi shilingi 30,000, ambazo ni mgawo mzima wa mwanachama mmoja. Na wote kumi na wawili wanaweza kuondoka mkutanoni wameridhika, kwa sababu wamesikia neno "robo" na robo imekatwa kweli.

Basi kila unaposikia sehemu, uliza: sehemu ya nini? Robo ya mauzo, au robo ya masalio? Nusu ya faida, au nusu ya mtaji na faida? Liulize swali hilo kabla hujaandika mlinganyo, na liulize kwa sauti mkutanoni. Hakuna ukosefu wa adabu hapo. Na mwenye kuandika kanuni za kikundi aandike maneno yote mawili, sehemu na kitu chake, wala asiseme tu "robo iwekwe akiba".

KUUNGA KILICHOVUNJIKA

Wengine wanauliza hesabu hizi za herufi zilitoka wapi. Tumekwisha kuitaja Misri. Katika karne ya 9, huko Baghdad, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi aliandika kitabu kuhusu milinganyo, na katika jina la kitabu hicho mna neno al-jabr. Ndiko lilikotoka neno aljebra linalotumika duniani kote. Al-jabr ni kurudisha kitu mahali pake, kama tulivyorudisha zile 12 za watoro. Katika Kiarabu neno hilo hilo latumika kwa kuunga mfupa uliovunjika, na sehemu ya hesabu inaitwa kwa neno la kuvunjika. Tunaona inafaa sana.

Na al-Khwarizmi hakuandika kwa ajili ya wataalamu peke yao. Sehemu kubwa ya kitabu chake inahusu wasia na mirathi, kwa sababu sheria ya Kiislamu inagawa mali ya marehemu kwa sehemu: nusu, robo, thumuni, theluthi, sudusi. Familia nyingi za Tabora zinaijua hesabu hiyo, na zinajua ugomvi unaotokea ikikosewa.

ZOEZI

Chukueni daftari. Andikeni mlinganyo kwanza, tafuteni K.D.S., zidisheni kila fungu, kisha hakikini kwenye fumbo lenyewe. Atakayefanya na jirani yake atafaidi zaidi, maana mmoja akiacha fungu mwenzake atamwona.

1. Pembe mbili za ndovu zina uzito wa frasila 4 zikiwekwa pamoja. Ndogo ina sehemu tatu za tano (3/5) za uzito wa kubwa. Kubwa ina frasila ngapi?

2. Msafara una watu 40 na pishi 120 za nafaka. Unataka kuvuka Mgunda Mkali, ile nyika kati ya Ugogo na Unyamwezi, na baada ya kuvuka zibaki pishi 20. Kila mtu anakula kibaba kimoja kwa siku. Nafaka itawatosha kwa siku ngapi za kuvuka?

3. Marehemu ameacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa sheria ya Kiislamu mke anapata thumuni (1/8), mama anapata sudusi (1/6), na mtoto anachukua masalio. Hakukuwa na deni wala wasia. Mtoto amepata ng'ombe 17. Ng'ombe wote walikuwa wangapi?

4. Hili halina hadithi, ni la kunoa kisu tu: (n + 4)/3 − (n − 2)/4 = 3.

Majibu. La kwanza: n + 3n/5 = 4, K.D.S. ni 5, 8n = 20, kubwa ni frasila 2 na nusu. La pili: 40n/4 + 20 = 120, siku 10; njaa ya Mgunda Mkali haikuwa na huruma, kwa hiyo aliyepata zaidi ya 10 arudie haraka. La tatu: n/8 + n/6 + 17 = n, K.D.S. ni 24, 408 = 17n, ng'ombe ni 24; mke 3, mama 4, mtoto 17. La nne: n = 14. Aliyepata 26 ayatazame tena mabano ya pili na ile alama ya kutoa iliyo mbele yake.